Tailizi Zako Zimerudi Nyumbani

Mama,

Ile sakafu iliyokuangusha haipo tena. Imevunjwa na mkono uleule ulioijenga, nami nilisimama mlangoni mwa bafu tangu pigo la kwanza la nyundo hadi kifusi cha mwisho kilipotolewa nje. Sikumpa chai. Sikumpa hata kigoda. Nimetaka ulijue hilo kwanza, kabla ya mengine.

Najua ungenikemea. Ungesema, "Kandida, mtu hafanyi kazi nyumbani kwangu na koo kavu." Lakini Fundi Longino si mtu wa kuonewa haya, Mama. Alikuja kwenye msiba wako. Alibeba jeneza, yeye mbele upande wa kulia, akachota udongo akakutupia, halafu akanawa mikono akala ugali na maharage pamoja nasi. Siku ile nilimshukuru. Nilimshika mikono yote miwili nikamwambia Mungu amlipe. Basi Mungu alichelewa, nikaanza mwenyewe.

Nianzie Songea, maana pale ndipo ninapokuona vizuri zaidi.

Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kupanda na mizani zao hadi milangoni mwa watu, nawe ulikuwa umechoka kuungoja ushirika. Ukauza mavuno yote, ukaniandikia nipande kutoka Mbaha, huku ziwani, tukutane Songea, kwa sababu unataka bafu ndani ya nyumba. Bafu la bomba la mvua, lenye marumaru chini. Kilimani kwetu walikucheka, mjane mzima anataka kuoga kama padre. Wewe ulikuwa umeoga uani nyuma ya matete tangu ulipoolewa, kwenye baridi ile ya Juni inayopasua visigino, na jibu lako lilikuwa moja tu kwa kila aliyeuliza: "Nimeoga na upepo vya kutosha."

Dukani vitu vilijaa mpaka barazani. Mimi niliyekua nikipanga foleni ya sabuni nilisimama nikashangaa tu. Muuzaji akatutandikia marumaru za kila rangi, hizo ambazo mafundi wanaziita tailizi, zinang'aa mpaka unajiona uso. Ukamwomba maji ya kunywa. Akakuletea. Hukuyanywa. Uliyamwaga juu ya tailizi, ukavua kiatu, ukakanyaga ukisugua mguu mbele na nyuma, na watu wote dukani wakakutazama. Zile za kung'aa ulizikataa moja baada ya nyingine. "Hizi ni za kuangalia," ukamwambia. "Mimi nataka za kukanyaga." Ndipo akatoa zile za rangi ya udongo wa kufinyangia vyungu, zenye vidoa vyeupe, katoni mbili za mwisho. Ukazikanyaga ukacheka, ukasema zinakwaruza kama ulimi wa ng'ombe.

Tulirudi juu ya lori, katoni zimefungwa kwenye kitenge chako, moja mapajani pako, moja mapajani pangu. Tulizishusha Mbinga zikiwa nzima. Niliziangalia kwa macho yangu kabla sijateremka kurudi ziwani. Hakuna hata moja iliyokuwa na ufa.

Kwa hiyo barua yako ilipokuja kwamba bafu limekwisha, na kwamba fundi anasema tailizi zetu zilivunjikavunjika wakati wa kukata, ameweka nyingine nzuri zaidi, za kung'aa, nilipaswa kupanda siku ileile. Uliandika pia kwamba maji yanapenda kukaa pembeni karibu na mlango, lakini unayasukuma na fagio. Niliisoma nikaikunja. Wanafunzi wangu walikuwa na mtihani. Nikasema nitakuja likizo.

Mama, hilo nalibeba mwenyewe. Sitamtwisha mtu.

Likizo ilikuja, wewe ukiwa kitandani hospitalini, mfupa wa nyonga umekatika, unapumua kama mtu apandaye mlima. Wifi Yustina ndiye aliyekukuta. Ulikuwa unajiandaa kwenda misa. Wiki tatu nzima nilikaa nawe, na juu ya kuanguka kwenyewe ulisema neno moja tu, kama vile unaomba radhi: "Nilikuwa nasukuma maji." Mapafu yakajaa. Tukakuzika kabla ya Noeli.

Niliporudi Mbaha sikuweza kufundisha sawasawa. Nilikuwa naandika ubaoni, naona maji yamekaa pembeni. Ndipo nikaenda kwa Baba Mdogo Hezroni, yule mdogo wake baba mkwe, aliyejenga na wamisionari wa Kianglikana tangu ujana wake. Unamkumbuka, ulimpelekea maharage kwenye harusi yangu. Nikamwambia anifundishe sakafu ya bafu inavyojengwa. Hakuniuliza kwa nini. Alinichorea mchangani, akanifinyangia kwa tope la ufukweni: zege la chini, mteremko wa kuelekea kwenye tundu la maji kutoka kila upande, lami juu yake, nailoni nzito inayopanda ukutani kiasi cha kiganja na nusu, tabaka la pili la saruji, ndipo tailizi, ndipo saruji nyeupe ya kuziba nafasi. Na kizingiti kidogo cha kuyazuia maji yasitoke. Alinifinyangisha mara nyingi mpaka nikajua. "Maji hayabembelezwi," akaniambia. "Yanaonyeshwa njia."

Nilipanda Mbinga wakati wa Pasaka nikiwa na nia moja: kumkuta Longino, kumleta avunje sakafu yake mbovu mbele ya macho yangu, na kumwambia kwamba yeye si fundi. Hapo nilidhani kosa lake ni uzembe tu.

Mvua ilikuwa inanyesha. Nilivuka kijito kwenda ng'ambo kwake nikafika miguu imejaa tope mpaka magotini. Longino hakuwepo. Mkewe alinipokea vizuri, akanipa pole ya msiba upya, akasema nisiingie sebuleni hivyo, niende bafuni ninawe miguu. Akanifungulia mlango. Nikavua viatu, nikakanyaga.

Mama, nilijua kabla sijatazama chini. Nyayo zilijua. Nikamwaga maji, tope likaondoka, na rangi ile ya udongo wa vyungu ikatokea, na vidoa vyake vyeupe, tailizi baada ya tailizi, zimepangwa vizuri, zimeinama kidogo kuelekea kwenye tundu. Maji yote yakaenda zake bila kusukumwa na mtu.

Mkewe akabisha akiuliza kama nimepata sabuni.

Nilitoka, nikakaa, nikanywa chai yake. Jikoni alikuwapo mama yake Longino, Bibi Filomena, yule mwenye macho yaliyopofuka. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitafuta kwa mkono mpaka akanishika kiwiko. Akaniambia mwanawe amemjengea mahali pa kuogea pasipoteleza. Tangu hapo anaingia peke yake bila kushikwa, kama msichana. Alilisema kwa furaha. Nikamwambia hongera, Bibi. Nikaaga, nikavuka kijito nikarudi.

Sikumwambia mtu. Si Yustina, si kaka, si mume wangu. Nilikaa nalo kuanzia Pasaka hadi likizo ya Juni, nalitunza kama mbegu. Usiku nilikula nikashiba, mchana nilicheka na walimu wenzangu. Sijawahi kuwa mtulivu vile.

Juni nikampelekea Longino ujumbe kwamba nataka kurekebisha bafu la marehemu. Akaja na nyundo, tindo, mwiko na pima maji. Akasema pole, Mwalimu, kazi ile ilinisumbua, mchanga ulikuwa mbaya. Nikasema ndiyo, mchanga.

Akavunja. Chini ya tailizi zile za kung'aa hapakuwa na nailoni wala lami. Zege lilikuwa jembamba kama chapati, na udongo wa chini umeloa unanuka. Kila kipande alichokitoa nilimwambia akibebe yeye mwenyewe akakimwage shimoni nyuma ya kihenge, na njia ya kwenda huko inapita kando ya kaburi lako. Alipita hapo mara nyingi, kichwa chini.

Kisha akajenga, nami nikimwelekeza. Mwanzo alitabasamu, mwanamke wa chaki anamfundisha fundi kazi. Nilipomwonyesha jinsi nailoni inavyokunjwa kwenye kona bila kukatwa, tabasamu likaisha. Akamwaga tabaka la juu, akasawazisha. Likakauka. Nikachukua punje za kahawa kwenye gunia lako la mwisho, nikazitawanya sakafuni, nikamwaga ndoo ya maji. Punje tatu zilibaki pembeni. Nikamwambia vunja. Akavunja, akamwaga tena, tukangoja tena. Safari hii ilibaki moja.

"Mwalimu," akasema, "ni punje moja tu."

"Na mama yangu alikuwa mmoja tu. Vunja."

Mara ya tatu zilikusanyika zote kwenye tundu, zimeshikamana kama siafu. Nilimwona anafuta jasho, Mama, kwenye baridi ile.

Nilikuwa nimeualika mkutano wa jumuiya ufanyike kwetu alasiri iliyofuata, rozari kwa ajili yako. Wakaja wote, wakaketi sebuleni, Mama Agripina mwenyekiti akiwa karibu na mlango wa korido. Longino alikuwa bafuni anakwangua tabaka lake la mwisho. Walipomaliza kusali, akatokea mlangoni mikono imejaa saruji, akawasalimia, akaniuliza: "Mwalimu, tailizi ziko wapi? Nianze kupanga."

"Ziko nyumbani kwako, Fundi. Mama yako anaoga juu yake."

Nilieleza mwenyewe, kwa sauti ile ninayotumia darasani: duka la Songea, katoni mbili, lori, barua yako, miguu yangu yenye tope. Longino hakukana. Nilikuwa nimejiandaa akane. Alitazama mikono yake, akasema polepole, "Mama yangu haoni, Mwalimu. Alikuwa anaanguka kila mara."

Nikamwambia wangu alikuwa anaona, na alizichagua kwa macho yake na kwa mguu wake.

Tukaondoka wote, jumuiya nzima, tukateremka hadi kijitoni tukapanda ng'ambo. Nitakuambia ukweli, Mama, kwako siwezi kujipamba. Nilitaka aniombe. Nilitaka apige magoti mbele ya mkewe, aseme nimwachie kwa ajili ya yule bibi, nami nilikuwa nimeshaandaa jinsi ya kumkatalia. Nililirudia jibu hilo njiani kote.

Bibi Filomena alininyang'anya jibu langu. Mama Agripina ndiye aliyemweleza, akiwa amechuchumaa mbele yake jikoni. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwita mwanawe kwa jina, akamuuliza kama ni kweli.

"Nilifanya kwa ajili yako, mama," Longino akasema.

"Ng'oa."

Akamwambia atatafuta nyingine kama hizo, hata Dar es Salaam, amletee Mwalimu, hizi zibaki. Bibi hakupandisha sauti hata kidogo. "Ng'oa hizohizo. Kumbe muda wote huu nilikuwa najipaka uchafu."

Longino akaanza kulia hapo. Si mimi niliyemliza, na hilo liliniuma, nikijua si vizuri liniume.

Aling'oa siku mbili. Kwake alikuwa amezifunga kwa saruji nzuri, ya uwiano wa haki, ndiyo maana zilimsumbua; nyingine zilipasuka mkononi mwake. Alizibeba kwa tenga begani, safari tatu, siku ya gulio watu wamejaa njiani na mizigo yao. Hakuna aliyemsaidia. Wala mimi sikuwakataza kumsaidia.

Akazipanga. Zilizovunjika alizikata akazipeleka kwenye kingo za ukuta. Nilimshikia pima maji mwenyewe, kila mstari. Akaziba nafasi kwa saruji nyeupe, akafuta kwa kitambaa, tukaacha wiki nzima bila kukanyagwa. Siku ya kufungua maji nikamwambia avue viatu. Nikamwagia sabuni sakafuni, nikafungua bomba, nikamwambia asimame katikati, ageuke, atembee mpaka mlangoni na kurudi, mahali palepale ulipoangukia. Akatembea akiwa ameloa mpaka kifuani. Hakuteleza. Alipofika mlangoni akasema, "Mwalimu, nisamehe."

Nikamwambia mimi siye niliyeanguka.

Nikarudi ziwani nikidhani yamekwisha. Mwezi Julai Yustina akaniandikia. Longino amesiliba shimo la bafuni kwake kwa saruji akalipiga niru, laini kama sahani, lakini Bibi Filomena amekataa kuingia. Anaoga nje, uani, kwenye uzio wa mabua ya mahindi, anashikiliwa na mkwe wake huku anatetemeka. Amesema hataoga ndani ya nyumba ya mwanawe mpaka afe.

Siku ya kwanza nilifurahi. Niandike hivyo hivyo. Niliona sasa Longino anatazama mama yake anavyoganda na hawezi kufanya kitu. Siku ya pili pia nilifurahi, ila kidogo. Siku ya tatu nilikuwa naosha usipa pale ufukweni, upepo wa kusini ukapiga, maji yakanirukia mgongoni, nikakuona wewe nyuma ya matete yako ukijifunga kitenge haraka haraka, mimi nikiwa mtoto nimekushikia kata. Nikaacha samaki nikaenda kuandika barua kwa wifi.

Usidhani nilimhurumia Longino. Soma masharti yangu kwanza. Nilimwambia Yustina amfungulie Bibi bafu lako kila Jumamosi, ampe maji ya moto, sabuni na taulo safi. Lakini aletwe na mwanawe, si na mkwe. Amshike mkono tangu kwao, wapite njia kubwa ya kanisani na kwenye mashine ya kusaga, si vichochoro. Na yeyote atakayewauliza wanakwenda wapi, Longino ajibu jibu lote, bila kupunguza: anampeleka mama yake kuoga juu ya tailizi alizomwibia marehemu. Bibi akioga, yeye akae nje kwenye ngazi na angoje. Akikataa, mlango usifunguliwe.

Hakukataa.

Nimekuja likizo hii ya Desemba nikaona kwa macho yangu. Jumamosi zile za mwanzo, Yustina anasema, watu walikuwa wanatega njiani makusudi wapate kuuliza. Siku hizi wengi wanajifanya hawawaoni. Vijana wa mashine bado wanauliza. Juzi nilikuwa sebuleni nasahihisha madaftari, dirisha wazi, nikawasikia wanapanda, fimbo ya Bibi na viatu vya Longino. Jirani yetu akauliza, na Longino akajibu lote. Amekonda. Sauti yake imekuwa ya mtu anayesoma tangazo kanisani.

Bibi akaingia, akafunga mlango. Maji yakafunguka. Longino akaketi kwenye ngazi, mgongo kwa mlango, na dirisha dogo la bafu liko juu ya kichwa chake hapo hapo, kwa hiyo anasikia kila kitu, maji yanavyoanguka na yanavyokwenda zake. Alipotoka, Bibi alikuwa anatoa mvuke kama chungu. Akaweka kiganja chake ukutani, akasema, "Ahsante, mama Kandida." Yustina akaninong'oneza kwamba husema hivyo kwako kila akimaliza, na hajui kama nipo.

Niliinamia madaftari yangu. Sikuona namba hata moja.

Jioni Yustina aliniomba nimwachie Longino sasa, inatosha, mwache Bibi aje na mkwe wake kwa amani. Kaka naye akasema hivyohivyo. Hata padre amenigusia, kwa mbali, baada ya misa. Nimewasikiliza wote kwa adabu. Labda wewe pia ungesema inatosha. Ungempa chai siku ya kwanza, nakujua. Lakini wewe ulikufa ukiomba radhi kwa kusukuma maji ambayo hukuyatuamisha wewe, na mtu lazima akuchukulie hasira ambayo hukuwahi kujichukulia mwenyewe. Nimeichukua mimi. Bado inanitosha mwilini.

Bafu lako ni zuri, Mama. Naoga humo kila asubuhi nikiwa hapa. Nasimama tu, sishiki ukuta.

Kwa hiyo nakuahidi hivi. Bibi Filomena atafunguliwa mlango wako kila Jumamosi mpaka siku zake ziishe, na maji yake yatakuwa ya moto, hata kama kuni itabidi niziteremshe mwenyewe kutoka kijiji cha Ukata kwa mjomba. Na mwanawe atakaa kwenye ngazi ile, na kila Jumamosi yake nitairefusha kadiri ninavyoweza. Siku nitakapochoka nitakuja kaburini nikuambie kwa mdomo. Sijachoka.

Lala wewe. Mimi niko macho.

Mwanao,
Kandida